Kupokea Nako ni Moyo



Wazee wetu walituachia methali kwamba kutoa ni moyo, wala si utajiri. Twaipenda methali hiyo, nasi twaikumbuka hasa wakati wa michango. Lakini Dominika ya leo tungependa kuutazama upande wake wa pili, ambao kwa wengi wetu ni mgumu zaidi, yaani kupokea. Maana wako watu walio tayari kutoa amri, kutoa mafundisho, na kutoa hata fedha zao, ila hawawezi kuipokea nafasi iliyo ndogo kuliko ile waliyokuwa nayo jana.

Ili tulielewe jambo hili, twende kidogo Marekani, katika mpira wa huko. Huo si kandanda tuijuayo sisi. Mpira wenyewe umechongoka ncha mbili, hushikwa kwa mikono, na timu husonga yadi kwa yadi kuelekea mwisho wa uwanja wa wapinzani. Katika kila timu yuko mchezaji mmoja ambaye karibu kila shambulio huanzia mikononi mwake. Wenyewe humwita kwotabeki. Yeye ndiye anayewatangazia wenzake mpango, na ndiye anayeamua mpira autupe kwa nani. Wengine ni wapokeaji. Kazi yao ni kukimbia mahali walipoagizwa, kugeuka, na kuudaka mpira, hali wakijua kwamba mara wakiudaka wataangushwa chini. Mtupaji hutazamwa na uwanja mzima. Mpokeaji aweza kukimbia mara nyingi asitupiwe hata mara moja.

Julian Edelman, aliyezaliwa California mwaka 1986, alikuwa kwotabeki wa Chuo Kikuu cha Kent State, katika jimbo la Ohio. Mwaka 2008, uliokuwa wa mwisho wake chuoni, aliupeleka mpira yadi 1,820 kwa kuutupa, na yadi 1,370 kwa kukimbia nao mwenyewe. Hata hivyo, kwa nafasi ile alihesabiwa kuwa mfupi. Mwezi wa Aprili 2009 timu za ligi kuu ya kulipwa ziligawana vijana 256, na majina 231 yalisomwa kabla ya lake. Timu ya New England Patriots ikamchukua, lakini si kwa kazi aliyoizoea. Mtupaji wao alikuwa Tom Brady, ambaye hakuna aliyefikiria kumwondoa. Edelman alitakiwa ajifunze kupokea.

Ndugu zangu, hebu tujiweke mahali pa kijana huyo wa miaka 22. Jana aliamuru, leo anaamriwa. Jana wenzake walikimbia kwa neno lake, leo anafundishwa upya namna ya kupiga hatua na namna ya kuweka vidole. Msimu wa kwanza alidaka mipira 37, na mtu angedhani njia imefunguka. Haikuwa hivyo. Msimu wa 2010 alidaka 7 tu. Msimu wa 2011 alidaka 4, na tena akatumwa kusaidia upande wa walinzi, kazi ya tatu ambayo hakuizoea. Msimu wa 2012 alidaka 21. Ndipo katika msimu wa 2013, wa tano tangu aanze, akadaka mipira 105.

Na je, ile karama yake ya kwanza ilipotea? Tusikie yaliyotokea tarehe 10 Januari 2015. Timu yake ilikuwa nyuma, 28 kwa 21, katika mchezo wa mtoano dhidi ya Baltimore Ravens. Brady alimrushia mpira Edelman kwa nyuma kidogo, na walinzi wakamkimbilia wakidhani atakimbia nao. Yeye akasimama, akautupa mbali kwa mwenzake Danny Amendola, naye akafika nao mwisho wa uwanja. Ulikuwa mwendo wa yadi 51. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutupa mpira tangu aingie katika ligi hiyo. Wakasawazisha, na mwishowe wakashinda 35 kwa 31. Kumbe alichokiweka kando miaka sita iliyopita hakikuoza. Kilingoja siku yake, tena kikatumika kwa faida ya wengine.

Katika fainali ya mwezi Februari 2019 alidaka mipira 10, akatangazwa kuwa mchezaji bora wa siku hiyo. Lakini hatumweki altareni. Msimu huo huo alikuwa ameanza kwa kufungiwa michezo minne kwa kuvunja kanuni za ligi kuhusu dawa zilizokatazwa. Wala hatusemi kwamba kila mwenye subira hupewa taji. Wako vijana wengi waliokubali kubadilishiwa kazi kama yeye, wakajitahidi, na bado wakarudishwa nyumbani. Kukubali kwao kulikuwa na thamani ileile, ingawa hakuna aliyekupigia makofi.

Jambo hili halikuanzia uwanjani. Katika Matendo ya Mitume tunamwona Barnaba akienda Tarso kumtafuta Sauli na kumleta Antiokia. Mwanzoni Barnaba ndiye anayetajwa kwanza, na Sauli baadaye. Mbele kidogo mpangilio unageuka, na mara nyingi Paulo ndiye anayetangulia. Hatusomi popote kwamba Barnaba aliiacha Injili kwa sababu jina lake lilisogezwa nyuma.

Nasi katika parokia zetu? Mwenyekiti wa jumuiya akimaliza muda wake, twamwona tena kwenye sala za jumuiya, au anatoweka? Mwalimu wa kwaya akipewa msaidizi mwenye sauti nzuri kuliko yake, anamfundisha, au anaondoka na daftari la nyimbo? Katekista aliyezeeka, akiombwa sasa awatembelee wagonjwa, anaona amepewa kazi, au anaona ametupwa? Tukiwa wakweli, wengi wetu tumewahi kununa nyumbani, tukasema tunapumzika.

Walio na mamlaka nao wana sehemu yao. Si haki kumhamisha mtu kwa tangazo la dakika moja baada ya misa, kisha kumlaumu kwamba amekosa unyenyekevu. Edelman alipewa walimu, akapewa misimu minne ya kujifunza. Anayembadilishia mwenzake kazi amweleze sababu, amfundishe, amvumilie. Wala asiisahau karama aliyokuja nayo, maana huenda siku moja ikahitajika.

Basi juma hili kila mmoja wetu aikumbuke nafasi aliyoipoteza na ambayo bado inamuuma. Aende kwa yule aliyeirithi, amsalimie, amwulize: nikusaidie nini? Maneno hayo ni mazito kinywani kuliko mchango wowote. Lakini ndiyo mikono iliyofunguliwa, na mikono iliyofungwa ngumi haidaki kitu.

Mungu atujalie moyo wa kutoa, na moyo wa kupokea. Amina.