Gari la Nyuma na Rukhsa ya Msafiri

Maneno yaliyosemwa mbele ya Waislamu wa Bukoto, Kampala

 

Maneno ya leo yahusu safari ya baiskeli, na yale ambayo Mwislamu aweza kujifunza kwayo. Pengine atatokea wa kuuliza: baiskeli na mkutano kama huu vina uhusiano gani? Asiharakishe kuhukumu. Baiskeli si kitu kigeni katika milima ya Kampala. Kabla pikipiki hazijazijaza njia, ndiyo iliyobeba mikungu ya matoke, magunia ya mkaa na madebe ya maziwa. Na jina la bodaboda lenyewe lilizaliwa Busia, penye mpaka wa Uganda na Kenya, katika miaka ya 1960, pale vijana walipokuwa wakivusha watu kwa baiskeli kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Aliyepata kusukuma baiskeli yenye mzigo kuupanda mwinuko wa kutoka Kamwokya kuja Bukoto hahitaji kuelezwa mlima ni nini.

Basi iko safari moja mashuhuri ambayo mwanzilishi wake ni Henry Gold wa Kanada, iitwayo Tour d'Afrique. Kwa mara ya kwanza ilifanyika mwaka 2003. Wapanda baiskeli kutoka nchi mbalimbali walikutana Kairo, mji mkuu wa Misri, wakashika njia kwenda kusini mpaka Cape Town, mwisho wa Afrika. Urefu wa njia ulikuwa kama kilomita 12,000, na muda wake ulikuwa kama miezi minne. Kwa siku nyingi hupitwa zaidi ya kilomita mia, kisha huja siku ya kupumzika, ya kufua nguo na kuziba tyubu zilizotoboka.

Njia yenyewe imejaa mitihani. Katika Misri na Sudani iko jangwa, na mto Naili uko kando kama uzi wa kijani katika nguo ya mchanga. Maji ya mto ule, ndugu wasikilizaji, si mageni hapa: Naili Nyeupe hutoka ziwani Jinja, mwendo wa kilomita 80 hivi kutoka Kampala, ikaenda kukutana na Naili ya Buluu katika mji wa Khartum. Walipotoka Sudani na kuingia Ethiopia, nchi ya Wahabeshi, wasafiri waliacha uwanda wa joto wakapanda mpaka Gondar, ulio juu ya mita 2,000. Mbele yake liko bonde la Naili ya Buluu. Barabara huteremka zaidi ya mita 1,000 hadi kwenye daraja, kisha hupanda tena kiasi hicho hicho, na upandaji huo ni kama kilomita 20 za kukanyaga pasipo tambarare. Baada ya Moyale, katika Kenya ya kaskazini, huja jangwa la Dida Galgalu, lenye mawe meusi ya volkano. Katika miaka ya mwanzo lami ilikuwa haijafika huko, na mtu alitetemeshwa kutwa nzima mpaka mikono ikafa ganzi juu ya usukani.

Je, kundi la watu wasiolingana kwa umri wala kwa nguvu huvukaje njia kama hiyo? Huvuka kwa utaratibu. Jioni kiongozi huwaeleza njia ya kesho. Malori huchukua mahema, chakula na maji. Katikati ya njia lori moja hungoja na chakula cha mchana. Na nyuma ya wote hufuata mtu ambaye kazi yake ni moja tu: asimwache yeyote nyuma yake. Aliyeumwa, aliyechoka, au aliyevunjikiwa na baiskeli hupanda lori, akafika kambini pamoja na wenzake.

Hapa ndipo penye jambo. Katika safari ile iko sifa moja inayotamaniwa sana: kuwa mtu aliyepita kila inchi ya njia kwa miguu yake, asipande lori hata siku moja. Sifa hiyo ni halali, na anayeipata ameitolea jasho. Lakini ina sumu ndani yake. Mtu aliyekanyaga siku hamsini bila kupanda lori, siku ya hamsini na moja akiamka na homa au tumbo la kuhara, huona kwamba kupanda lori ni kuzitupa zile siku hamsini. Hivyo huupanda mlima akiwa mgonjwa. Gari lililowekwa kumwokoa lampita, naye analikimbia kama deni.

Yafaa ijulikane kwamba katika jangwa kiburi cha namna hiyo si mchezo. Mtu afanyaye kazi nzito juani aweza kutoka jasho la lita moja na zaidi kwa saa, na kiu haitoi habari kwa wakati. Mwili huwa umekwisha kupungukiwa kabla ulimi haujakauka. Tena anayekunywa maji mengi mno bila chumvi naye aweza kudhurika, kwa kuwa chumvi ya damu huzimuka. Na ubaya mkubwa ni huu: joto likimzidi mtu huishika akili yake. Huanza kupepesuka, maneno yake huchanganyika, naye husema yu mzima. Aliye katika hatari ndiye wa mwisho kuijua hatari yake. Kwa hiyo haifai hukumu ya kuendelea au kusimama aachiwe yeye peke yake. Lazima pawe na mwenziwe amtazamaye, na kiongozi ambaye neno lake lasikiwa.

Waislamu hawakungoja baiskeli ili kuyajua haya. Mtume, rehema na amani zimshukie, alifundisha kwamba watu watatu wakitoka safarini wamfanye mmoja wao kuwa amiri. Na imesimuliwa katika Hadithi sahihi kwamba safarini aliona watu wamesongamana, wamemtilia kivuli mtu mmoja. Alipouliza, akaambiwa kuwa mtu yule amefunga. Akawafahamisha kwamba kufunga safarini kwa namna ile si katika wema. Mtu yule hakuwa mwasi. Alikuwa mchaji aliyetaka kutimiza. Lakini kutimiza kwake kulimwangusha, na wenziwe wakalazimika kuacha yao ili wamfanyie kivuli.

Ndiyo maana sheria imempa msafiri rukhsa, yaani hukumu nyepesi mahali pa nzito: kufungua mwezi wa Ramadhani na kulipa siku nyingine, kupunguza Sala za rakaa nne kuwa mbili, na kukusanya Sala mbili katika wakati wa moja. Kwa madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa Uganda, umbali wa safari hiyo huhesabiwa kuwa kilomita 80 na kitu. Sasa litazamwe jambo ambalo wengi hulipita. Rukhsa ya kupunguza Sala haikupewa dhaifu peke yake. Mwenye nguvu naye hupunguza, na mwenye kukaa katika gari la starehe hupunguza. Imefungamanishwa na safari yenyewe, haikufungamanishwa na udhaifu wa mtu. Na katika hilo mna rehema kubwa, kwa kuwa dhaifu hafichuliwi. Imamu akisalisha rakaa mbili, nani ajuaye ni yupi kati ya maamuma aliyechoka?

Hiyo ndiyo tofauti ya rukhsa na lori. Lori la safari ile hupandwa na aliyeshindwa, na kila mmoja humwona akipanda. Laiti ingalikuwa siku moja moja hata mashujaa wanapanda, aibu ingalikufa, na mgonjwa asingalificha ugonjwa wake. Msaada uliotengwa kwa wanyonge peke yao mara nyingi hukimbiwa na wanyonge wenyewe. Msaada uliofanywa kuwa desturi ya wote humfikia anayeuhitaji bila kumvunjia heshima.

Historia ya nchi hii nayo ina ushahidi wake. Uislamu uliletwa Buganda na misafara ya biashara iliyotoka pwani, ikapita Tabora na Karagwe. Na wanahistoria wanamtaja Ahmad bin Ibrahim kuwa alifika kwa Kabaka Suuna mwaka 1844. Misafara ile ilikuwa na kirangozi mbele, na wapagazi waliobeba mizigo ya frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Ilikuwa na nidhamu kubwa, lakini haikuwa na gari la nyuma. Mpagazi aliyeugua mara nyingi aliachwa njiani. Heri nyingi zilifika kwa njia ile, na makaburi yasiyo na alama yalibaki kando yake. Yote mawili yakumbukwe.

Wala jambo hili si la kale tu. Katika Hija ya mwaka 1445, yaani Juni 2024, joto la Makka lilipita nyuzi 51. Serikali ya Saudia ilitangaza kwamba mahujaji 1,301 walifariki, na kwamba zaidi ya wanane katika kila kumi kati yao walikuwa hawana kibali, wakatembea masafa marefu juani bila hema wala mahali pa kupumzika. Mwenyezi Mungu awarehemu. Watu wale walikwenda kwa mapenzi. Lakini wengi wao walikwenda nje ya msafara, mahali ambapo gari la nyuma haliwafikii. Qur'ani yenyewe imeifanya Hija kuwa wajibu wa mwenye uwezo tu, na katika uwezo mafakihi wakahesabu afya, masurufu, matumizi ya wale anaowaacha nyumbani, na amani ya njia. Vita vilipozuka Sudani tarehe 15 Aprili 2023, njia ile ya jangwa ilitoka katika hesabu ya uwezo, hata kwa mwenye miguu ya chuma. Na mwaka 2017 kundi dogo la Waislamu wa Uingereza lililoendesha baiskeli kutoka London kwenda Madina, huku likikusanya fedha za kuwasaidia watu wa Syria, halikupita nchi ya Syria iliyokuwa vitani; lilipitia Misri. Kuzunguka si kushindwa.

Basi, vijana wa Bukoto wakitaka kutoka kwa baiskeli kwenda Jinja au Masaka, na watoke. Mwili wenye afya ni amana. Lakini kabla ya kukagua minyororo na breki, wamteue amiri, na amiri awe mtu awezaye kusema “simama” naye akasikiwa. Amwulize kila mmoja, faraghani, kuhusu ugonjwa wake. Maji na chumvi vichukuliwe kwa hesabu ya anayechoka kwanza. Awepo mtu wa nyuma, na awe katika wenye nguvu zaidi, si katika waliobaki. Na siku ya kwanza ya safari, kabla hajachoka yeyote, amiri mwenyewe apande gari la nyuma kwa saa moja, wenziwe wote wakimwona. Saa hiyo haitapotea. Kesho yake kijana mwenye homa atapanda gari lile bila kutazama chini.

Mwenyezi Mungu awajaalie wasafiri wafike salama, wote, wa mbele na wa nyuma. Amin.