Kamera Gani Inatufaa, na kwa Pesa Gani?

Maneno yaliyosemwa mbele ya familia za wakimbizi wa ndani, wenyeji wanaowapokea na mashefu wa vijiji, Bulambika, Bunyakiri

 

Mlituomba tueleze jambo moja. Komite ya amani imekusanya dola 350 na inataka kununua kamera. Dola 140 zimetoka katika sanduku la AVEC ya mama, na zinazobaki zimetoka katika mradi. Mnauliza: kamera gani, na vifaa gani pamoja nayo?

Kabla ya kujibu tunarudi kwenye swali ambalo mama mmoja aliuliza katika kikao kilichopita. Alisema: "Tunalala watu tisa katika chumba kimoja cha wenyeji wetu, na ninyi mnataka kununua kamera?" Watu walicheka kidogo, kikao kikaendelea. Sisi hatukucheka. Pesa ya mama wa AVEC ni pesa ya chumvi na ya dawa. Kama kamera haina kazi, isinunuliwe.

Tunaona kazi yake ni hii. Ninyi mnajua kuliko sisi jinsi mashamba yanavyoleta ugomvi katika teritware ya Kalehe. Familia inakimbia vita, inakaa mbali miaka mitatu au minne, inaporudi inakuta mwingine amelima. Wazee wanakaa katika barza, wanatembea hadi kwenye mpaka, wanakubaliana: kuanzia mti huu hadi kijito kile. Karatasi inaandikwa, inaloa, inaliwa na panya, au inaungua pamoja na nyumba. Lakini kama pande zote mbili zimesimama penye mpaka pamoja na mashahidi, na picha imepigwa ikachapishwa mara tatu, mjukuu ataweza kuona babu yake alisimama wapi. Kazi ya pili ni ndogo: picha za vitambulisho, za harusi na za ubatizo, ambazo vijana watapiga kwa malipo ili sanduku la mama lirudishiwe pesa yake.

Kuna kazi ya tatu ambayo wengine wanaifikiri, na hapa tuseme wazi. Wengi wenu mnaijua Kamananga na Lumenje bila kuambiwa. Mwezi wa tisa 2018, mahakama ya kijeshi huko Bukavu iliwahukumu makamanda wawili wa FDLR kifungo cha maisha kwa sababu ya mauaji yaliyofanyika katika vijiji hivyo mwaka 2012. Katika kesi ile wanasheria walileta picha za majeraha ya waathirika, na picha zikapokelewa kama ushahidi. Watu wakisikia hivyo wanasema: basi tununue kamera kubwa. Lakini picha zile zilipigwa kwa simu, ikiwa na programu inayoitwa eyeWitness to Atrocities. Programu hiyo inaandika saa na mahali picha ilipopigwa, na inaifunga picha ili mtu asiibadilishe. Waliofanya kazi hiyo walikuwa wamefundishwa, tena walikuwa na wanasheria nyuma yao. Kamera nyingi za bei nafuu haziandiki hata mahali. Kwa hiyo kamera ya komite si ya kuchunguza uhalifu, na kijana wa komite asitumwe kwenda kupiga picha watu wenye silaha. Mtu aliyeumizwa tumpeleke kwa daktari na kwa wanasheria.

Sasa tuje kwenye kamera yenyewe. Ile tunayoizungumzia ni kamera ya dijitali yenye lenzi ya kubadilisha, wanayoiita DSLR. Ndani yake kuna kioo kinachopeleka picha kwenye tundu la kutazamia. Miaka hii makampuni makubwa yamegeukia kamera zisizo na kioo, na watu wa Ulaya wanauza zile za zamani. Jambo hilo ni faida kwetu. Kamera ya 2014 bado inapiga picha nzuri ya mkutano, na tulipouliza bei Bukavu, pamoja na lenzi yake ndogo, tuliambiwa kati ya dola 150 na 220 kwa iliyotumika.

Majina ya kutafuta si mengi. Upande wa Canon kuna EOS 1200D ya 2014 na 1300D ya 2016, zote za megapikseli 18, na 2000D ya 2018 yenye 24. Upande wa Nikon kuna D3200 ya 2012, D3300 ya 2014, D3400 ya 2016 na D3500 ya 2018, zote za megapikseli 24. Msigombane juu ya megapikseli. Kwa picha inayochapishwa ukubwa wa karatasi ya daftari, hata 12 zinatosha, na muuzaji anayesifu namba hiyo peke yake anawapotezea wakati.

Kinachofaa kuangaliwa zaidi ni betri. Canon hizo tatu zinatumia betri ya aina moja, LP-E10, na hata 1100D ya zamani inatumia hiyo hiyo. Nikon hizo nne zinatumia aina ya EN-EL14. Mkiwa na betri ambayo na jirani anayo, mnaweza kuazimana. Hapa ambapo umeme ni wa paneli ya jua, jambo hilo lina maana. D3500 inasifiwa kwa sababu betri yake ikijaa inafika picha 1,550 kwa kipimo cha kiwandani. Zile za Canon haziifikii. Kama mtaipata kwa bei yenu, ichukueni.

Lakini Nikon hizo ndogo zina mtego mmoja. Bodi yake haina mota ya kusogeza lenzi, kwa hiyo lenzi za zamani ambazo hazina mota yao wenyewe hazitalenga zenyewe. Itabidi uzungushe kwa mkono. Mtu anaweza kuwauzia lenzi ya 50 kwa bei ya chini, mkafika nayo Bunyakiri mkakuta picha zote ni ukungu. Kwa Nikon tafuteni maandishi AF-S juu ya lenzi. Yapo pia maandishi AF-P, ila hizo hazilengi katika bodi za zamani kama D3100, basi zijaribiwe kwanza. Kwa Canon shida hiyo haipo: lenzi za EF na EF-S zinalenga zenyewe katika bodi zote tulizotaja.

Lenzi ya kawaida inayokuja na kamera ni 18-55. Inatosha kwa barza, kwa mpaka wa shamba na kwa familia iliyosimama mbele ya nyumba. Ndani ya nyumba yenye dirisha moja itawashinda. Hapo lenzi ya 50 yenye f/1.8 kwa Canon, au ya 35 yenye f/1.8 kwa Nikon, inakusanya mwanga zaidi sana, na ndiyo inayofaa kwa picha za vitambulisho. Isinunuliwe mwezi huu. Inunuliwe kwa pesa ambayo kamera itakuwa imetafuta.

Sasa namna ya kuichungua dukani, maana hapa sisi wenyewe tuliumia. Kamera yetu ya kwanza tuliinunua jioni, haraka, kwa sababu gari lilikuwa linatungoja. Muuzaji alikuwa mchangamfu, akatupa na mkoba bure. Kesho yake juani tukaona ndani ya lenzi nyuzi nyeupe kama utando wa buibui. Ilikuwa kuvu. Kuvu hula vioo, na hakuna fundi wa karibu wa kuitoa. Kwa hiyo nendeni asubuhi, watu wawili. Toeni lenzi, mwiinue kwenye mwanga, mtazame kutoka pande zote mbili. Pigeni picha ya mbingu nyeupe, kisha muikuze katika kioo cha nyuma: madoa meusi ni vumbi lililo ndani. Bonyezeni kila kitufe. Pigeni picha kumi mfululizo. Betri iliyovimba msiikubali. Pazia la ndani linalofungua na kufunga lina umri wake; kwa kamera za daraja hili hesabu karibu picha 100,000. Kwa Nikon idadi hiyo inaweza kusomwa kwa kompyuta ndani ya picha yenyewe. Kwa Canon ni vigumu zaidi. Muuzaji asiyetaka mjaribu, mwambieni aksanti na mwondoke. Duka lingine halikosi.

Kadi za kumbukumbu zinunuliwe mbili za GB 16 au 32, si moja kubwa. Kadi moja ikipotea au ikichukuliwa, picha zote zisiende pamoja. Kadi za uongo ni nyingi: juu imeandikwa 64, ndani hakuna hata 8. Ijazeni kadi mpya hadi mwisho kwa picha za ukuta, mfungue picha ya mwisho. Ikikataa kufunguka, irudisheni. Betri ya pili ni lazima. Chaja nunueni ile ya USB, kwa kuwa paneli nyingi za hapa zina tundu hilo. Stendi ya miguu mitatu si lazima, mafundi wetu wa mbao wanaweza kufanya meza ndogo.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi ni mvua yetu. Kamera ya mtu wa Dubai na kamera ya mtu anayeishi kando ya msitu wa Kahuzi-Biega haziishi maisha yale yale. Tafuteni ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana kabisa, mtie vile vifuko vidogo vya silika vinavyokuja ndani ya viatu vipya au ndani ya dawa. Kila mara mvikaushe kwa moto wa taratibu juu ya bati. Wengine wanatumia mchele. Mchele una vumbi, mle mchele wenu. Kamera isifungwe katika mkoba ikiwa na unyevu. Siku ya jua ifunguliwe ipate hewa.

Tuna jambo la mwisho juu ya chombo, nalo linatuuma. Katika kijiji kimoja tulipiga picha ya mapatano ya shamba. Kamera ilikuwa imekaa wiki nyingi bila betri, saa yake ikarudi nyuma, na kijana wetu akabonyeza OK bila kusoma. Picha ikaandikwa tarehe ya mwaka ambao ugomvi ule ulikuwa haujaanza. Miezi minane baadaye upande mmoja ulikataa: "Picha hii ni ya zamani, tulikuwa bado marafiki, hatukuwa tunapatana juu ya kitu." Ikabidi kikao chote kirudiwe, na mzee aliyeonyesha mpaka alikuwa ameshafariki. Kosa lilikuwa letu, si la familia ile. Kwa hiyo kila siku kabla ya kutoka, saa ya kamera ilinganishwe na saa ya Bukavu. Hata saa ya Kinshasa haifai, iko nyuma kwa saa moja. Na picha ya kwanza iwe ya ubao ulioandikwa kwa chaki: tarehe, kijiji, majina ya pande zote mbili, jina la shefu. Mama Alice Seeley Harris, mmisionari Mwingereza, alipopiga picha kule Baringa mwaka 1904, ya Nsala akitazama mkono na mguu wa binti yake, aliandika jina la mtu na mahali. Watawala wa Leopold hawakuweza kusema ni picha ya mtu asiyejulikana.

Njiani msiipige picha barriere, wala daraja, wala askari wa upande wowote, hata kwa mchezo. Baada ya Bukavu kuchukuliwa na M23 Februari 2025 tuliona jinsi mtu aliyebeba kamera anavyoulizwa maswali ambayo mwenye gunia la mihogo haulizwi. Anayekwenda kuinunua abebe risiti na barua ya komite. Kadi zinazorudi kijijini ziwe tupu, na mjue kwamba picha iliyofutwa mwenye ujuzi anaweza kuirudisha.

Hakuna anayepigwa picha bila kukubali. Mtoto, mzazi wake akubali. Mwanamke aliyetendewa vibaya asionyeshwe uso, hata akikubali leo kwa kuwa amechoka kukataa. Aliyekimbia kijiji akiogopa mtu fulani, picha yake isibandikwe ukutani wala kutumwa katika simu. Mapatano yakishapigwa, yachapishwe mara tatu: moja kwa kila upande, moja kwa shefu, na sahihi nyuma.

Hesabu yetu basi: kamera na lenzi yake, dola 200. Betri ya pili na chaja, 35. Kadi mbili, 20. Ndoo, brashi, kitambaa na mfuko wa mvua, 15. Safari ya watu wawili, 40. Zinabaki 40 za kuchapisha picha za kwanza, na msizile.

Mama aliyeuliza swali lile amekubali kushika ufunguo wa sanduku la kamera. Kijana atakayepiga picha hatashika ufunguo. Wakikosana, shefu atawasikiliza. Kamera yetu ya zamani, ile yenye kuvu, iko hapa mezani. Vijana njooni muishike, mtazame utando ule ndani ya lenzi, lakini mfute mikono kwanza. Maswali yaanze upande wa mama.