Shule Inapofungwa, Nani Amlishe Mtoto? Funzo la Soweto

Leo nazungumzia jambo linaloonekana kuwa la makarani na vitabu vya hesabu, ilhali mwisho wake huishia katika sahani ya mtoto. Nalo ni masharti ya fedha za shule wakati wa janga la maradhi.

Jina la Soweto, kusini-magharibi mwa Johannesburg, limefungamana na elimu. Huko Kliptown, mwaka 1955, Mkataba wa Uhuru ulidai elimu ya bure kwa watoto wote. Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi waliandamana kupinga kufundishwa kwa Kiafrikaans, wakapigwa risasi. Ubaguzi wa rangi ulipokoma mwaka 1994, serikali ya Nelson Mandela ilianzisha mpango wa chakula shuleni. Kufikia mwaka 2020 mpango huo ulikuwa ukiwalisha watoto zaidi ya milioni 9, hasa katika shule zisizotoza ada.

Afrika Kusini haijiiti shirikisho, lakini serikali kuu hugawia majimbo 9 fedha, nyingine zikiwa zimefungwa kwa masharti. Ruzuku ya chakula, iliyokuwa zaidi ya randi bilioni 7 mwaka 2020, ni ya namna hiyo. Jimbo la Gauteng, ambamo Soweto imo, haliwezi kuichukua likajengea barabara. Sharti hilo lina hekima yake. Lakini utaratibu wake ulitungwa kwa siku za kawaida: chakula hupikwa shuleni, siku ya masomo, kwa mtoto aliyehudhuria.

Tarehe 18 Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya korona, na majiko yakazimika. Fedha zilikuwamo katika bajeti, mtoto alikuwa nyumbani na njaa yake. Kilichokosekana ni darasa la kuwaunganisha. Wakati huohuo wazazi wanaoishi kwa kibarua na biashara ndogo walikatazwa kutoka.

Je, masharti hayangelegezwa? Yangewezekana, kwani ruzuku ya majengo ya shule iliruhusiwa kugharimia matangi ya maji na mahitaji ya usafi. Kuhusu chakula, Wizara ya Elimu iliahidi kuwalisha wanafunzi wote wanaostahili, kisha ikarudi nyuma. Tarehe 8 Juni lilirejea shuleni darasa la 7 na la 12 tu. Wahenga walisema, ngoja ngoja huumiza matumbo. Safari hii matumbo yaliumia kwelikweli.

Shirika la Equal Education na kamati za shule mbili za Limpopo zikaenda mahakamani Pretoria. Tarehe 17 Julai 2020 Jaji Sulet Potterill aliamua kwamba waziri na majimbo 8, Gauteng likiwamo, walikiuka wajibu wao wa kikatiba. Watoto wote wanaostahili walishwe, wawe darasani au nyumbani. Siku chache baadaye Rais Cyril Ramaphosa alipotangaza kufunga tena shule, alisema chakula kitaendelea, na wazazi wataweza kukichukua shuleni.

Wapo watakaosema kulegeza masharti ni kumfungulia mwizi mlango. Hoja hiyo ina uzito. Mwaka huohuo Gauteng ilitumia zaidi ya randi milioni 400 kupulizia shule dawa, na matumizi hayo yakafikishwa mbele ya wachunguzi wa serikali.

Basi tutenganishe mambo mawili. Lengo la fedha lisiguswe: za chakula zibaki za chakula. Bali njia ya kumfikia mtoto, yaani mahali, siku na mpokeaji, iwe na kanuni ya dharura iliyoandikwa mapema, pamoja na ukaguzi wake. Nasi wa Afrika Mashariki lituguse, maana nchini Uganda shule hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Maradhi mengine yatakuja, na njaa ya mtoto haitasubiri waraka kutoka wizarani.