Kipanya Kisicho na Waya Kinaporukaruka

Leo tunazungumzia kipanya cha kompyuta kisicho na waya. Mshale unarukaruka, unakwama, au unakwenda usikotaka. Kabla hujatoa pesa kununua kingine, fuata hatua hizi.

Kwanza, badilisha betri. Ikikaribia kuisha, mawasiliano hudhoofika. Pili, kizime, kigeuze, upanguse tundu la mwanga kwa kitambaa laini kikavu. Tatu, kitumie juu ya daftari, maana meza ya kioo humvuruga hata aliye na kipanya kipya.

Bado? Tazama kipokezi, kile kidude kinachochomekwa kwenye tundu la USB. Vipanya vingi hutumia masafa ya gigahezi 2.4, na vifaa vya USB 3.0, kama diski ya nje, hutoa kelele za redio kwenye masafa hayohayo. Kampuni ya Intel ilieleza tatizo hili mwaka 2012. Hamishia kipokezi kwenye tundu lililo mbali na diski, au tumia waya wa kurefusha ukisogeze karibu na kipanya.

Mwisho, kijaribu kipanya kwenye kompyuta nyingine. Kikitulia, kasoro iko kwenye kompyuta yako. Kikiendelea kusumbua, sasa nunua kingine. Na betri zilizokwisha, usizichome moto wala usiziache mtoto azifikie.