Kijiji Kimoja, Nyumba za Namna Nyingi

(Mazungumzo kwa wanakisomo wa Bonde la Kilombero)



Leo tunazungumza juu ya nyumba. Tunaanza na habari ya aibu yetu wenyewe.

Mwaka mmoja kijiji chetu kililetewa mwalimu wa darasa la kwanza. Alikuwa mama kijana mwenye mtoto mchanga. Tulimpokea kwa vigelegele. Jioni ikafika. Haya, mgeni alale wapi? Nyumba ya mwalimu hakuna. Chumba cha kupanga hakuna. Tukampa chumba kwa jirani yetu mmoja, lakini paa lilikuwa linavuja. Masika yalipoanza, mtoto akaugua kifua. Baada ya miezi mitatu mwalimu akaomba uhamisho, akaondoka. Watoto wetu wakabaki bila mwalimu mpaka mwaka ukaisha.

Sisi tulisema nini? Tulisema, "Walimu wa siku hizi hawapendi shamba." Mzee mmoja akatujibu, "Kabla ya kumlaumu, hebu hesabuni mapagala yetu."

Tukahesabu. Mapagala 11. Kuta zimesimama, paa hakuna, mbuzi wamelala ndani. Kijiji kilikuwa na kuta nyingi, ila chumba kimoja cha kumpa mgeni kilikosekana.

MAPAGALA YANATOKA WAPI?

Yanatoka kwenye mawazo yetu. Kila mtu anataka nyumba ya vyumba vitano, matofali ya kuchoma, na bati juu. Kitu hicho ni kizuri, hatukatai. Lakini mpunga ukikubali mwaka huu, tunapandisha kuta. Mwaka unaofuata maji yanazoa shamba, au bei inaanguka, au ada ya mtoto inadaiwa. Kuta zinanyeshewa. Zinaanza kumomonyoka. Na mwenye kuta hizo, yeye na watoto, bado wanalala kwenye kibanda kile kile cha zamani.

Tukiulizwa kwa nini hatukujenga vyumba viwili tukavimaliza, tunajibu, "Watu watanicheka." Basi ndugu, kicheko hicho kinatugharimu sana.

NANI ANATAFUTA NYUMBA?

Tuwataje mmoja mmoja. Yuko mjane anayeishi peke yake. Yeye anahitaji chumba kimoja kikavu, karibu na majirani. Wako vijana waliooana juzi. Wao wanahitaji mahali padogo pa kuanzia. Wako mwalimu na muuguzi. Hao wanataka kupanga, maana kesho watahamishwa. Iko familia yenye watoto saba na bibi. Hiyo ndiyo yenye haja ya vyumba vingi. Tena yuko mkulima ambaye miezi kadhaa ya mwaka hukaa shambani.

Je, watu hao wote watafaa nyumba ya namna moja? Hapana. Viatu vya saizi moja havifai watu wote. Na nyumba ni hivyo hivyo.

Pale Ifakara mjini wanafunzi wa vyuo vya afya hupanga vyumba. Mwaka 2018 daraja la Mto Kilombero lilizinduliwa, na leo mtu anavuka kwenda Ulanga na Malinyi bila kungoja kivuko. Panapofika daraja na barabara, wageni hufika pia. Kila mgeni anatafuta pa kulala. Kama vyumba ni vichache, kodi hupanda. Na anayeumia kwanza ni yule mwenye kipato kidogo, mwenyeji wa hapo hapo.

NYUMBA MBILI ZA BONDENI

Sisi watu wa bonde tulijua zamani kwamba nyumba si za namna moja. Bonde letu hufurika majira ya mvua. Kwa hiyo wazee walijenga dungu, yaani kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo. Mtu analala juu, maji yakipita chini. Akiwa huko huko juu anafukuza ndege na kuangalia nguruwe.

Miaka ya 1970, wakati wa kuanzisha vijiji, watu wengi walihamia karibu na barabara ili wapate shule, zahanati na maji. Jambo hilo lilileta faida. Lakini mashamba ya mpunga yalibaki kule kule bondeni. Tangu hapo familia nyingi zina makazi mawili: nyumba ya kijijini na kibanda cha shambani.

Kosa letu ni kwamba hiki cha pili hatukihesabu kuwa nyumba. Chandarua tunakiacha kijijini. Choo hatuchimbi. Mtoto akipata homa usiku, zahanati iko mbali na njia ina maji. Ndugu, mbu hajui kwamba hiki ni kibanda tu. Ukilala huko miezi mitano, hiyo ni nyumba yako. Itengeneze. Inua sakafu, peleka chandarua, chimba choo mahali palipoinuka. Na watoto wa shule wabaki kijijini kwa bibi au shangazi, kwenye nyumba iliyo imara.

NYUMBA NDOGO SI AIBU

Nyumba nzuri haipimwi kwa wingi wa vyumba. Iwe kavu, imara, na mbu wasipate njia rahisi. Ifakara kuna watafiti wa afya tangu miaka ya 1950, nao wamewachunguza mbu wetu kwa muda mrefu. Mbu waenezao malaria huingia sana kupitia uwazi ulioachwa kati ya ukuta na paa. Kuziba uwazi huo na kuweka wavu madirishani ni kazi ndogo. Nyumba ya miti na udongo inaweza kufanyiwa hivyo, sawa na nyumba ya tajiri. Chandarua bado ni lazima.

Tuangalie na vifaa. Matofali ya kuchoma yanakula kuni nyingi, na misitu yetu inapungua. Matofali mabichi ni rahisi, lakini yakikaa ndani ya maji yanayeyuka. Basi yatumike sehemu za juu, kwenye msingi ulioinuka, na paa liwe na upenu mpana wa kulinda ukuta. Yako pia matofali ya kufungamana. Hayo hushindiliwa kwa mashine ya mkono, kwa udongo na saruji kidogo, wala hayachomwi. Kikundi kinaweza kutumia mashine moja kwa zamu.

Kumbukeni mafuriko ya mwaka 2024. Mahali pa kujenga ni muhimu kama ukuta wenyewe. Kiwanja cha bei rahisi kwenye mkondo wa maji si rahisi hata kidogo. Utakilipia mara mbili.

TUSINGOJE

Mwaka 1973 ilianzishwa Benki ya Nyumba Tanzania. Mwaka 1995 ilifungwa. Mwaka huo huo wa 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikaa vikundi vikundi kusikiliza redio, wakasoma vitabu, kisha wakashika majembe wakachimba vyoo. Benki haipo tena, lakini nguvu ya kikundi bado tunayo.

Tufanye hesabu. Tuseme nyumba ya vyumba viwili inahitaji mabati 24. Watu 6 waunde kikundi. Kila mavuno kila mmoja atoe mabati 4. Hiyo ni 24. Kila mwaka nyumba moja inaezekwa. Baada ya miaka 6 wote 6 wana paa. Wa kwanza awe yule anayenyeshewa zaidi.

Tena tutumie kusoma na kuandika kwetu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Mjane asifukuzwe kwenye kiwanja. Majina ya mume na mke yaandikwe yote mawili kwenye hati ya hakimiliki ya kimila. Na halmashauri ya kijiji, kwa idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, inaweza kutenga viwanja vidogo, mahali pakavu, kwa ajili ya vijana, wajane na watumishi.

TULIFANYAJE?

Tulimwendea mwenye pagala moja la vyumba vitano. Tukamwambia, "Ndugu, ezeka viwili kwanza." Alicheka. Halafu akakubali. Tulichanga nguvu, yeye akatoa mabati aliyokuwa nayo. Mwalimu mwingine alipokuja, alipata pa kulala siku ile ile. Waliandikiana mapatano: kodi ni kiasi gani, inalipwa lini, paa likiharibika nani anatengeneza. Wote wawili wakatia sahihi mbele ya shahidi. Kodi ile ndiyo inayonunua mabati ya chumba cha tatu.

Mwalimu yule bado yupo. Darasa la kwanza linasoma.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kijiji chenu kina mapagala mangapi? Kwa nini hayajaisha?
2. Mgeni wa kazi akija leo jioni, atalala wapi?
3. Nani kijijini ananyeshewa usiku? Mtamsaidia vipi kabla ya masika?
4. Dungu lako lina chandarua?