Vijana Wetu wa Kabiria na Kazi ya Kibarua
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa tawi)



Sisi tukaao Kabiria tumeomba nafasi ya kusema juu ya vijana wetu wanaume wasio na kazi. Tukitoka saa kumi na moja alfajiri kwenda zamu twawakuta wamekwisha kufika Dagoretti Corner kwa miguu. Waenda Industrial Area, mwendo wa zaidi ya saa mbili, kusimama langoni. Nyapara huchagua wachache, waliobaki hurudi.

Mwaka jana mmoja wao alidaiwa kwanza cheti cha polisi cha tabia njema, akakopa shilingi 1,050. Tangu 1920 babu zetu walivishwa kipande shingoni. Huyu alinunua chake.

Mwaka 1964 Serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walipatana. Waajiri waongeze watu 10 kwa mia, Serikali 15, na vyama visigome wala kudai nyongeza mwaka mzima. Watu zaidi ya 200,000 walijiandikisha, lakini waliopata kazi walikuwa sehemu ndogo tu.

Basi tusingoje mapatano mengine. Sheria ya Kazi ya 2007, kifungu cha 37, yasema kibarua akifanya kazi mfululizo siku zinazotimia mwezi, ahesabiwe mfanyakazi wa mwezi, asifukuzwe bila notisi. Wakandarasi waijua sana. Kijana huyo alipakua mizigo siku ishirini na tano, akaambiwa apumzike wiki moja, kisha akaandikwa upya kama mgeni. Amefanyiwa hivyo mara nne, na nyapara ni yule yule!

Alikuja kutuuliza. Tukamjibu kwamba chama ni cha wenye payslip. Ndugu, jibu hilo tulilitoa sisi wenyewe, tukiwa tumeketi tunakunywa chai, naye amesimama.

Twaomba mambo mawili. Vibarua wanaopakua mizigo mahali petu pa kazi waruhusiwe kuandikwa chamani, na kiingilio wakilipe kidogo kidogo. Tena kila mmoja apewe daftari la kuandika siku alizofanya kazi na jina la nyapara, maana akifika mbele ya afisa wa kazi mikono mitupu hana la kuonyesha. Madaftari si ghali. Fedha za soda za mkutano huu zingetosha kununua mengi.

Bwana Mwenyekiti, twaomba ipigwe kura leo, kabla watu hawajaanza kukimbilia treni ya Kikuyu.