Soketi Inayofanya Kazi Si Lazima Iwe Salama



Nimeombwa niseme machache kuhusu soketi za umeme majumbani mwetu. Wengi wetu tukichomeka chaja na simu ikaanza kuingia chaji, tunaamini soketi ni nzima. Napenda tuondoke hapa tukifahamu kwamba soketi inaweza kuwasha redio vizuri na bado ikaua mtu.

Soketi ya matundu matatu tunayotumia hapa Tanzania hupokea nyaya tatu. Waya wa moto huleta umeme wa volti 230, na nyutro huurudisha. Katika nyumba za zamani nyaya hizi ni nyekundu na nyeusi. Siku hizi ni kahawia na buluu. Waya wa tatu, wenye rangi ya kijani na njano, ni wa ethi. Kazi yake huonekana siku ya hatari tu. Waya wa moto ukigusa bati la pasi au la friji, ethi huupa umeme njia ya kupita, na fyuzi hukatika au breka huruka. Ethi isipokuwepo, umeme hubaki kwenye bati ukimsubiri mtu aguse. Kwa hiyo fundi akiuruka waya huu ili kupunguza gharama, hakuna anayegundua, kwani taa zinawaka kama kawaida.

Basi tujifunze dalili za ubovu.

Kwanza, soketi kupata joto, kuwa na alama nyeusi au kutoa harufu ya plastiki inayoungua. Mara nyingi skrubu inayobana waya imelegea. Msitegemee fyuzi hapo. Umeme unaopita haujazidi kipimo, ila pale palipolegea panachemka mpaka moto unashika.

Pili, kuhisi umeme ukigusa friji au jiko. Zima kabisa na usikitumie tena chombo hicho. Huenda chombo kinavujisha umeme na ethi haipo au imekatika.

Tatu, soketi moja kutofanya kazi wakati nyingine ni nzima. Jaribu chombo kwenye soketi nyingine, kisha angalia fyuzi ya plagi. Chombo kikifanya kazi kwingine, ubovu uko ukutani.

Tuache pia mazoea mawili. La kwanza ni kuchokoa tundu la juu kwa kijiti ili plagi ya pini mbili iingie. Plagi hiyo haikai imara, na kijiti kinaharibu vifuniko vinavyowalinda watoto. La pili ni kuzidisha mzigo. Soketi ya ampea 13 hubeba kama wati 3,000. Birika la wati 2,000 na jiko la wati 1,500 kwenye ekstensheni moja tayari yamezidi.

Ukiona dalili yoyote, zima meni swichi. Usiridhike na swichi ya soketi, kwa sababu nyaya zikiwa zimefungwa kinyume, swichi hiyo hukata nyutro na kuacha moto ndani. Kisha mwite fundi mwenye leseni ya EWURA, na umwombe apime ethi ukiwepo. Asikujibu tu kwamba "umeme upo".

Kwa sisi tuliopanga, tumwendee mwenye nyumba kwa pamoja, wapangaji wote. Fimbo ya ethi iliyochimbiwa nje ni moja kwa nyumba nzima. Ikiwa imekatwa au imeng'olewa, vyumba vyote viko hatarini.

Na mtu akinaswa na umeme, msimshike. Zimeni meni swichi kwanza.

Jioni ya leo, kila mmoja apitishe mgongo wa kiganja karibu na soketi zake bila kuzigusa, asikilizie joto. Hiyo haina gharama yoyote, na yaweza kuokoa familia.